Kiu ya Mfereji

8 Mei

Sauti ya punje za kinyesi cha kondoo zikitikiswa ndani ya kofia haijanitoka masikioni tangu asubuhi. Ni sauti ndogo, kavu, kama ya mtu anayesaga meno usingizini. Kila nyumba ilileta punje yake na alama yake. Sisi tulichomeka kijiti cha mforosadi, Shangazi Zarbibi alifunga uzi mwekundu, Qimatsho alipaka masizi. Mzee Nekqadam, mirabu wetu, mgawa maji wa kijiji, akafumba macho na kuzitoa moja moja. Nyumba kumi na mbili, kura kumi na mbili, na hiyo ndiyo foleni ya maji mpaka mavuno. Kila nyumba ina siku moja nzima, alfajiri hadi alfajiri, kisha maji yanahamia kwa mwingine.

Sisi wenye mashamba ya chini, kule mfereji unakoishia mchangani, tuko nyumba nne tu. Kura imetutawanya katikati ya wale wanane wa juu kama shanga zilizokatika uzi.

"Wa tisa," Mama alisema, akipangusa mikono kwenye nguo. "Si vibaya. Mwaka aliokufa baba yako tulikuwa wa kumi na mbili na tukala mkate mpaka sikukuu ya machipuko, Navruz."

Nilikuwa natazama mlima. Theluji imeishia mabegani. Mwaka jana siku kama hizi ilikuwa bado inagusa magoti. Hakuna aliyekuwa haoni.

11 Mei

Darasa la sita, kugawanya sehemu kwa sehemu. Kitabu kina fumbo la utepe: mita sita, kila kipande theluthi mbili ya mita, vipande vingapi? Tisa. Mahingul, binti wa jirani yetu Boronbegim, akasimama bila kunyoosha mkono.

"Mwalimu, tumegawa sita, tumepata tisa. Hii ni hesabu au mazingaombwe?"

Darasa likaangua kicheko.

"Utepe haujaongezeka," nilimwambia. "Tumehesabu vipande. Kipande kikipungua, vipande vinaongezeka."

"Nyumbani tukigawa mkate kila mtu anaondoka na kidogo."

"Na wanaoondoka na mkate wanakuwa wengi. Hao ndio tunaowahesabu."

Akakaa, uso haujaridhika. Nampenda kwa hilo. Mimi darasa la sita nilikubali kila kitu, na nikaendelea kukubali mpaka chuo kikuu.

14 Mei

Upepo wa moto kutoka bondeni. Mapema mno.

15 Mei

Upepo.

22 Mei

Kikao nyumbani kwa Mzee Nekqadam. Mto umepungua hadi mtu anavuka bila kuvua viatu. Shayiri kwenye udongo wetu wa mchanga ikipigwa na upepo huu inavumilia siku tisa bila maji. Siku ya kumi inainama, na ikishainama haiinuki. Zamu zetu zinazunguka kwa siku kumi na mbili. Kila mtu alijua maana yake: nyumba tatu zirukwe. Swali lilikuwa nani.

Kelele zilianza kabla chai haijapoa. Imomdod, jirani yetu mwingine wa chini, alisema warukwe wenye watoto kazini Urusi, kwa kuwa wao watanunua unga. Mwenye watoto Urusi akamuuliza kama ameshawahi kula pesa zisizotumwa. Bakuli moja la chai ya maziwa likamwagika kwenye mkeka na hakuna aliyelifuta.

Ndipo nikasema.

"Tuna siku tisa. Tisa gawanya kwa robo tatu ni kumi na mbili. Kila nyumba ipewe robo tatu ya siku badala ya siku nzima. Mzunguko utaisha siku ya tisa na hatarukwa mtu."

Mzee Nekqadam akahesabu kwa vifundo vya vidole, akarudia, akaniangalia.

"Na kura?"

"Kura haiguswi, baba. Foleni ni ileile. Tunapunguza zamu tu."

Shangazi Zarbibi alinikumbatia mbele ya wote akalia. Ni dada wa Baba, na tangu tumzike ameniita "mwanangu wa kiume" kila anapotaka kunisifu. Leo aliniita hivyo mara mbili. Qimatsho peke yake, yule mwenye shamba pembeni kabisa mwa mfereji mkuu, alijifunga mshipi akainuka.

"Haya," alisema. "Sasa maji nayo yatakwenda shule."

Watu wakamzomea. Njiani Mama alinishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu nikiwa mtoto. Nilikuwa na furaha ya kiburi. Naiandika hapa ili isije ikajigeuza kitu kingine.

25 Mei

Shule imefungwa, mzunguko mpya umeanza. Katika mtihani wa mwisho niliwapa fumbo letu lenyewe: siku tisa, robo tatu. Karibu wote walipata. Mahingul aliandika chini ya jibu: "Na sisi tumo."

31 Mei

Zamu yetu ya kwanza ya robo tatu, alfajiri hadi usiku wa manane. Mzee Nekqadam aliondoa jiwe kwenye lango la mfereji wa chini jua likichomoza. Maji yalitufikia adhuhuri. Yalinywesha theluthi mbili za shamba, kisha muda ukaisha.

"Mara ya kwanza," Mama alisema. "Mfereji una takataka."

Tukazoa takataka.

9 Juni

Safari hii yalifika alasiri. Tuliyapeleka sehemu iliyokosa mara ya kwanza, na yakashindwa kuimaliza. Kwa Boronbegim hali ni hiyohiyo. Kwa Imomdod pia, na kwa Shakarbek, yule kijana aliyeoa majira ya baridi na ambaye shamba lake ndilo la mwisho kabisa.

Mashamba ya juu ni ya kijani kama rangi mpya ya fremu ya dirisha.

10 Juni

Tisa gawanya kwa robo tatu. Pindua sehemu ya pili, zidisha. Thelathini na sita kwa tatu. Kumi na mbili.

13 Juni

Hesabu ikiwa sahihi na maji hayatoshi, basi maji yanaibwa. Nimelala na wazo hilo, nimeamka nalo. Na anayeweza kuiba ni mmoja: Qimatsho, ambaye hahitaji zaidi ya kusogeza kwa kisigino bonge la nyasi linaloziba tundu la shamba lake. Nimekwenda na kitabu nikakaa juu ya ukuta wa shamba lake tangu asubuhi.

Mchana alikuja na sepetu begani.

"Mwalimu, unanichunga? Mimi si mbuzi."

"Nasoma."

"Unasoma ukurasa mmoja tangu jua litoke. Lazima ni mtamu." Akaketi kwenye kivuli, akamega mkate, akanitupia nusu. "Chunga, chunga. Lakini mchungaji hula."

Sikuula. Niliuweka kando ya kitabu na nikazidi kumchukia, kwa sababu hakuonekana kuogopa.

14 Juni

Nimemchunga tena. Hakugusa kitu.

16 Juni

Mahingul alikuja mlangoni, hakutaka kuingia. Mkononi alikuwa na shina la shayiri, limekuwa la njano hadi shingoni.

"Mwalimu, nimeikokotoa tena ile hesabu. Ni kumi na mbili."

"Ndiyo."

"Mama anasema umekosea. Nimemwambia hujakosea." Akalizungusha shina. "Sasa kama hujakosea, kwa nini letu linakauka?"

Nilimwambia nitamjibu. Alingoja kidogo, kama mtu anayedhani jibu liko chumba cha pili, kisha akaondoka.

17 Juni

Chemchemi, pamoja na wanawake. Boronbegim hakunisalimu. Alipojaza ndoo aliiambia ndoo, si mimi: "Hesabu tamu, lakini hailiki."

Shangazi Zarbibi alikuwepo. Nilidhani atanitetea. Akavuta kitambaa chake mbele na kusema, "Mungu alitoa siku nzima. Mtu akaikata." Hakuniita mwana wa mtu yeyote.

Boronbegim ni mjane na ana watoto wanne. Shayiri ile ndiyo mkate wao wote mpaka majira ya machipuko. Barabara ikifungwa na theluji hakuna unga unaopanda huku, uwe na pesa au usiwe nazo. Sisi tuna mshahara wangu, na hata mshahara haujui kuvuka theluji bila kununuliwa kitu mapema. Nayaandika haya ili nisijidanganye kwamba ninachokihangaikia ni hesabu.

18 Juni

Zamu yetu. Nilikuwa langoni kabla ya jua, na jiwe lilipoondolewa nikatembea na maji.

Sijawahi kufanya hivyo, wala simjui aliyewahi. Watu hufungua lango, hushuka shambani kwa njia ya mkato, hukaa kungoja. Mimi nilitembea na kichwa cha maji hatua kwa hatua, kama mtu anayesindikiza mgonjwa. Kilikuwa ulimi wa kahawia wenye povu na vijiti. Kwenye miamba kilikwenda vizuri. Kisha tukaingia mchangani.

Mfereji wa chini ulikuwa mkavu tangu zamu ya mwisho ya mmoja wetu, na kati yake na sisi wamepita watu wa juu. Upepo umeupasua. Kila ufa ulikunywa. Ulimi ulisimama, ukatetemeka, mchanga ukafanya sauti ya kumeza, na nyuma yake maji yakajikusanya polepole mpaka yakapata nguvu ya kusogea tena kiasi cha mkono mmoja. Kisha ufa mwingine. Nilikaa chini. Nilisimama. Nilikaa tena. Adhuhuri ilipita na tulikuwa hatujafika mforosadi wa Imomdod. Nililia kwa hasira, nikiyaambia maji "nenda, nenda," kama mwendawazimu, na hapo ndipo nilipomwona Qimatsho amesimama ukingoni. Alikuja kuziba tundu la panya kwa sepetu lake. Alikuwa ameyaziba matatu juu zaidi, katika mfereji usiomhusu.

"Usiyafokee," alisema. "Yanalipa ushuru."

"Ushuru wa nani?"

"Wa njia. Njia kavu hula kwanza."

Hakusema zaidi, na sidhani alijua kwamba amesema kitu. Maji yalifika shambani kwetu jua likizama. Kutoka hapo hadi mwisho wa zamu ni robo ya siku.

Sasa naliona, na ninaona aibu kwa jinsi lilivyo dogo. Niligawa siku nikidhani nagawa maji. Katika fumbo langu, jiwe likiondolewa langoni maji yako tayari shambani. Mwaka wenye maji mengi mfereji hunywa funda moja na hakuna anayejua. Mwaka huu unakunywa nusu siku, na unakunywa upya kila mara foleni inaporudi chini, kwa sababu kura imetutenganisha. Mara nne nusu ni siku mbili. Kila mzunguko siku mbili za maji zinazikwa mchangani, na nilipopunguza zamu nilipunguza shamba, sikuupunguza mchanga.

Tungefuatana wanne, mfereji ungekunywa mara moja tu.

19 Juni

Mzee Nekqadam alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Kura haiguswi, binti yangu. Leo tukiigusa kwa hekima, kesho wataigusa kwa ubabe."

Nilikuwa nimeshavaa viatu aliponiita.

"Lakini mtu na mtu wakibadilishana kwa hiari, hilo ni lao. Mimi macho yangu hayaoni vizuri."

Sisi ni wa tisa. Mbele yetu, wa sita, saba na nane, wote ni watu wa juu: Shangazi Zarbibi, Qimatsho, na Mzee Nekqadam mwenyewe. Watatu hao wakibadilishana na Boronbegim, Imomdod na Shakarbek, tutafuatana. Mzee ameshasema ndiyo, kwa kutosema hapana.

20 Juni

Qimatsho. Nilimkuta anakunywa chai, na hotuba yangu ilikuwa na sehemu tatu. Sikumaliza ya kwanza.

"Chukua."

"Hujasikia sababu."

"Nilikuona siku ile umekaa chini unalilia tope. Sababu gani nyingine?" Akainua bakuli. "Kunywa. Na safari hii mkate uule."

Nilikula. Nilimwambia kwamba nilimdhania mwizi. Akasema kijiji kizima kimemdhania hivyo kila kiangazi, na kwamba kukaa karibu na lango ni kazi yenye matusi yake.

21 Juni

Shangazi Zarbibi amekataa. "Punje yangu ilitoka ya sita. Unataka nimwambie Mungu alikosea mahali?"

23 Juni

Amekataa.

25 Juni

Amekataa mbele ya Mama. Mama alitoka bila kuaga, na hao wawili wamekuwa kama dada kwa miaka yote ya maisha yangu.

26 Juni

Shayiri ya Shakarbek imeanza kuinama.

27 Juni

Zamu yetu. Jua lilizama, maji yakaja. Robo siku.

Kurudi, nilisikia sauti ya Qimatsho nyumbani kwa Shangazi, mlango wazi.

"Zarbibi, mama yangu, ulipoolewa mara ya pili ulimuuliza Mungu kama alikosea mara ya kwanza?"

"Mshenzi mkubwa wewe, toka!"

"Natoka. Ila watoto wa Boronbegim watakuja kwako kuomba mkate majira ya baridi, na wewe utawapa, nakujua. Sasa wape maji, ni rahisi kuliko mkate."

Kitu kilirushwa. Nadhani kiatu. Baadaye Shangazi alituma uzi wake mwekundu wa kura, umefungwa kwenye kipande cha mkate.

30 Juni

Wanne wa chini tumekutana chini ya ukuta wa Boronbegim, na nilikuja nikiwa na furaha. Hiyo ndiyo hali yangu, nafurahi halafu nahesabu.

Nafasi nne zinazofuatana ni siku tatu. Mfereji unakunywa nusu mara moja, zinabaki mbili na nusu. Lakini zamu ni mali ya mtu, inahesabiwa tangu langoni. Anayetangulia ndiye anayelowesha njia. Nusu ya siku inatoka kwake peke yake, anabaki na robo. Watatu wanaomfuata wanapata robo tatu kamili.

Niliwaambia tugawane hasara. Nusu gawanya kwa nne, thumuni ya siku kila nyumba.

"Thumuni utaionaje?" Imomdod aliuliza. "Tuna alama ya kuchomoza, ya adhuhuri, ya kuzama, na nyota ya usiku. Robo tunaiona. Thumuni iko wapi?"

"Kwenye simu, baba. Saa tatu tatu."

"Simu yangu na yako haziafikiani hata Ijumaa ni lini." Halafu hakuwa anatania tena. "Kaka yangu alipasuliwa kichwa kwa sepetu pale langoni kwa muda mfupi kuliko huo. Mpaka nisiouona kwa macho siukubali."

"Basi atangulie nani?" Shakarbek akasema.

Boronbegim ndiye aliyepewa nafasi ya sita, ile ya Shangazi, kwa hiyo macho yote yakamwendea. Aliinuka polepole.

"Mnaniangalia nini? Eti kwa kuwa sina mwanamume wa kushika sepetu?" Akanigeukia. "Na wewe wa tisa, umekaa mwisho kwa raha zako. Umepanga vizuri, mwalimu. Umepanga vizuri sana."

Sikuwa nimepanga. Tulikuwa wa tisa tangu kofia ile. Lakini nilipojaribu kulisema, mdomoni lilikuwa na sura ya uongo. Tumetawanyika. Imomdod anasema afadhali kila mtu arudi kwenye kura yake. Maji ya nafasi ya sita yanafunguliwa usiku wa kuamkia tarehe nne.

1 Julai

Mama anajua. Kijiji kina masikio hata kwenye mawe.

"Asikuambie mtu utangulie," alisema, akisuka nywele zake kwa nguvu kama anayefunga mzigo. "Kura ilitupa wa tisa. Umewatembelea, umewabembeleza, umetukanwa. Umeshatoa."

"Mama, robo tatu nilizisema mimi."

"Na upepo uliuleta wewe?"

Akaushika mkono wangu akautazama kama anatafuta kitu alichokipoteza. "Shamba lile ni langu, Savsan," alisema. "Usiligawe kichwani mwako."

Kisha alfajiri hiyo akapanda malishoni kwa ng'ombe. Atarudi na siagi tarehe nne.

2 Julai

Joto. Nimekaa shambani mchana kutwa. Robo, gawanya kwa robo tatu. Robo mara nne, gawa kwa tatu. Nimeiandika mchangani kwa kijiti, nikaifuta, nikaiandika. Jibu ni theluthi ya shamba. Nimejaribu kumfikiria Mama akishuka mlimani na ndoo ya siagi. Nimejaribu kuwafikiria wale wanne wa Boronbegim mwezi wa pili. Sikuweza kuwaona wote pamoja. Nilipomwona mmoja, wengine walipotea.

3 Julai

Jana jioni nilikwenda kwa Boronbegim na kijiti chetu cha mforosadi, alama yetu ya kura. Nilimwambia nafasi ya tisa ni yake na ya sita ni yangu, sasa na kila mzunguko mpaka mavuno. Hakunishukuru. Aliuliza kama Mama anajua, nikasema hajui, akakaa kizingitini akiwa amekishika kile kijiti mikono miwili. Mahingul alikuwa nyuma yake. Nilimwambia lile jibu nililomwahidi: kwamba hesabu ilikuwa sahihi na fumbo lilikuwa baya. Kisha nikaenda na mama yake kwa Mzee Nekqadam tukabadilishana mbele yake, na safari hii macho yake yaliona vizuri.

Theluthi moja ya shamba, ile ya juu iliyo karibu na mdomo wa mfereji, nimeiacha. Robo siku itaitosha. Theluthi mbili za chini nimezikata leo kwa mundu, tangu mwanga wa kwanza hadi jua lilipokuwa kali, mbichi kama zilivyo, nikazipandisha na kuzitandaza juu ya paa zikauke ziwe majani ya ng'ombe. Nilizikata kabla Mama hajarudi, ili asipate cha kuniomba nikirudishe.